Mafunzo ya Marlys Kovacich kwa Mawakili Wasiofundishika

Nimewapigia mawakili chapa tangu nikiwa msichana mpaka leo mvi zimenijaa, na sitamung'unya maneno: sijapata kuona watu wagumu kufundishika kama hawa. Wakili hafundishwi, yeye anajua. Ukimwambia kiatu cha kushoto amekivaa mguu wa kulia, atakuuliza wewe mambo ya viatu umesomea wapi. Na mji wetu wa Duluth umejaa mawakili, kila ghorofa wamo. Sasa huyu Marlys Kovacich ninayetaka kumsimulia ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha kutafuta mambo kwenye mtandao. Masikini wa Mungu.

Marlys alikuwa mkutubi wa ofisi yetu, Ostergaard na Wenz. Wenz alishakufa zamani, jina lake limebaki mlangoni kwa sababu kulibandua ni gharama. Mwenye ofisi ni Lyle Ostergaard. Mimi ni Ardis, karani wake. Meza yangu iko mlangoni pake, na mlango huo haufungi sawasawa, kwa hiyo nitakayoyasema nimeyasikia kwa masikio yangu haya.

Wala sisemi Marlys alikuwa malaika. Mwanamke wa huko kaskazini kwenye machimbo ya chuma, sauti yake ukiwa ghorofa ya juu unaisikia, anavaa hereni za vitabu vidogo, na akianza kueleza jambo halina mwisho. Ukimwuliza kalamu iko wapi, anakuanzia habari za wino. Kusema kweli alinichosha. Lakini alikuwa na mume, Rudy, aliyefanya kazi miaka yote kwenye gati la kupakia madini, na moyo wa Rudy ulikuwa umechoka. Alishapasuliwa mara moja, daktari akasema itabidi apasuliwe tena. Rudy hakuwa na kazi tena. Bima ya matibabu ya wote wawili ilitoka kwenye kazi ya Marlys. Kwetu huku ndivyo mambo yalivyo: kazi ikiondoka, bima inaondoka nayo, na bila bima hospitali watakupokea kwa tabasamu kisha watakufuata mpaka kwenye nyumba yako.

Basi mwaka ule wa 2002 Lyle akaanza kuitazama maktaba kwa jicho baya. Vitabu vinakula nafasi, vitabu vinavuta vumbi. Siku moja akamwita Marlys, akamkaribisha kahawa, akamwambia kwa sauti yake ile laini, "Marlys, siku hizi kila kitu si kiko kwenye mtandao? Hebu wafundishe mawakili wetu watafute wenyewe. Wakifundishika, vizuri sana. Wasipofundishika, basi tutaangalia."

Mlisikie hilo! Wakifundishika, mkutubi wa nini tena? Wasipofundishika, mkutubi ana kazi gani? Nilimwona Marlys akitoka mle ndani anachekelea, nikamvuta mkono.

"Shoga, unacheka nini? Si umepewa kamba ujinyonge?"

"Kamba naiona, Ardis, mimi si mtoto," akasema. "Lakini hebu fikiri. Mafunzo haya nikiyafanya matamu, watayataka kila mwezi. Na mwenye kuyatoa ni nani? Ni mimi. Nitayafanya matamu mpaka wayalilie."

"Hao hawalii. Hata msibani hawalii, wanaangalia saa."

"Acha nuksi," akasema, akaenda zake.

Sasa lazima ujue kitu kimoja kuhusu mawakili wa jimbo letu. Sheria inawataka wahudhurie saa kadhaa za mafunzo, na mwisho wa Juni ukifika wale waliofikiwa na zamu wapeleke hesabu yao. Kwa hiyo wakili haendi mafunzoni kujua kitu. Anakwenda kuokota saa. Akishatia sahihi mlangoni, kilichobaki ni kutafuta jinsi ya kutoroka.

Mara ya kwanza Marlys aliwawekea chakula. Alipika mwenyewe sinia kubwa la nyama na viazi vya kuoka, na supu ya mchele wa mwituni wa huku kwetu, na vipande vya keki ya chokoleti. Walikuja wote. Walikula, wakatia sahihi, wakakumbuka kwamba wana simu za haraka za kupiga. Waliobaki, mmoja alifungua gazeti, mmoja alikuwa akibonyezabonyeza kijisimu chake chini ya meza akidhani haonekani, na mzee mmoja alikoroma mpaka mate yakamtoka. Marlys yuko mbele na projekta yake anaeleza namna ya kutafuta sheria za majimbo mengine, sauti juu, hereni zinacheza, na hakuna hata mmoja anayemtazama.

Kilichonikera zaidi ni ile keki. Watu hawa wamewanyang'anya wajane nyumba zao mchana kweupe, lakini kipande cha mwisho cha keki hawakigusi, ati si adabu. Mmoja anakikata nusu, anayefuata anaikata ile nusu, mwingine naye anakata, mpaka sinia linabaki na chembe ambayo hata panya angeiruka. Adabu gani hiyo? Nililiosha sinia nikisonya.

Mara ya pili alikuja amejifunga koti refu la mpelelezi, kofia kichwani, kioo cha kukuzia mkononi. Akawa anatupa chokoleti kwa kila anayejibu swali. Alinunua hata kengele ya kupigwa na anayejua jibu. Jamani, niliona aibu mimi kwa niaba yake. Mwanamke mzima! Walimtazama kwa zile nyuso zao za kanisani, na walipotoka kila mmoja akamwambia kwa upole, "Ilikuwa tofauti kidogo, Marlys." Kwetu mtu akikwambia kitu chako ni tofauti kidogo, ujue amekutukana na ukoo wako. Marlys alilijua hilo. Alikaa maktabani na kofia yake ya mpelelezi, akala chokoleti zilizobaki moja baada ya nyingine.

"Lyle ameniuliza nimefikia wapi," akaniambia. "Ardis, mwezi wa sita anaamua. Rudy nitamweleza nini?"

Nilichota chokoleti zake mbili nikarudi mezani kwangu.

Kilichomwokoa ni Todd Brekke. Todd ni wakili kijana, nywele za mafuta, anajikomba kwa Lyle mpaka unajiuliza kama ana uti wa mgongo. Jioni moja Marlys alimkuta peke yake kwenye kompyuta ya maktaba, macho yamemtoka, amesahau hata kunywa kahawa yake. Akadhani labda mmoja amefundishika. Akamsogelea kwa nyuma. Todd alikuwa ameandika jina lake mwenyewe. Amelipata kwenye orodha ya waliokimbia mbio za hisani, nafasi ya mia mbili na kitu, na alikuwa anaitazama kama mtu anayetazama picha ya mchumba.

Marlys akanijia mbio. "Nimewapata! Ardis, nimewapata! Hawapendi utafiti hawa. Wanajipenda wao!"

"Hilo ungeniuliza mimi mapema, ningekwambia bure."

Wiki iliyofuata akabandika tangazo: Dunia Inasema Nini Kukuhusu? Loo! Walifika kabla ya saa. Viti havikutosha. Hakuna aliyefungua gazeti, hakuna aliyekoroma, na yule mzee wa mate alikaa mstari wa mbele ametoa miwani miwili. Marlys akawafundisha yote aliyoshindwa kuwafundisha miezi yote ile: namna ya kufunga maneno pamoja yasitawanyike, namna ya kuondoa usilolitaka, namna ya kuchimba magazeti ya zamani, namna ya kujua ukurasa umeandikwa na nani na lini. Safari hii waliandika! Walinyoosha mikono! Kila mmoja anachimba jina lake mwenyewe na kumwonyesha jirani. Huyu kapigwa picha na kwaya ya kanisa. Huyu kavua samaki mkubwa mwaka wa tisini na tano. Mmoja aligundua mtu wa Florida mwenye jina kama lake amekamatwa kwa kuiba boti, akasimama kuwaeleza wote kwamba si yeye, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mimi nilikuwa nagawa kahawa, nikamwona Marlys uso unang'aa. Aliniangalia ile ya kusema, umeona? Na kweli niliona. Nikajisemea, huyu mwanamke amepona, na moyo wa Rudy umepona naye.

Hapo ndipo Lyle alipoingia. Alikuwa amesikia kicheko korido nzima, na Lyle hawezi kusikia watu wanafurahi bila yeye kuwa katikati. Akasimama nyuma amekunja mikono, kisha akasema, "Marlys, andika jina langu. Weka hapo ukutani wote waone."

"La kwako sijalipitia, Bwana Ostergaard. Labda nilitazame kwanza, halafu..."

"Andika tu."

Akaandika. Kwanza ikatoka picha yake akipewa ngao na chama cha wafanyabiashara. Wakapiga makofi. Ikatoka picha yake na samaki. Makofi. Todd alipiga mluzi kabisa. Halafu chini yake kukawa na ukurasa unaitwa Glavu za Verna.

"Hiyo je?" Lyle akauliza, amevimba kichwa. "Ifungue. Pengine ni mteja ananishukuru."

Marlys akaufungua. Picha za glavu za sufu zikajaa ukuta mzima, nyekundu zenye nyota nyeupe, nzuri kweli. Chini ya glavu kulikuwa na maneno, na kwa kuwa kila mtu aliyasoma, nami nayajua kwa moyo. Yalisema hivi: "Glavu hizi nazifuma kwenye chumba cha kupanga, kwa sababu nyumba yangu ya ziwani sinayo tena. Wakili wangu Lyle Ostergaard alisahau kupeleka karatasi mahakamani kwa wakati. Baadaye alikuja kwangu, akala mkate wangu wa iliki, akaomba kipande cha pili, akaniambia tulijitahidi. Glavu za watoto zipo pia."

Verna Lampi namkumbuka, mama wa Kifini, mjane, kila akija ofisini anavua viatu mlangoni. Na ile karatasi naikumbuka pia, nilimkumbusha Lyle mara tatu akaenda kuvua samaki. Watu wakatazama viatu vyao. Mwisho mtu mmoja huko nyuma akasafisha koo, akasema, "Glavu nzuri."

"Ifute," akasema Lyle.

"Siwezi, Bwana Ostergaard. Ukurasa si wangu, uko kwenye..."

"Wewe ndiye uliyeuleta. Uondoe."

Marlys alifanya alichoweza, akazima projekta. Ukuta ukawa mweupe. Lyle akaitikia kwa kichwa ameridhika, akatoka. Mtu aliyesoma sheria, ana ofisi ghorofa nzima, akadhani ukurasa umeondoka duniani! Kesho yake asubuhi nikamsikia anapiga kelele mle ndani, "Ardis! Umerudi! Ule ukurasa umerudi!"

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Chini ya ukurasa ule kulikuwa na kitarakimu cha kuhesabu walioutembelea, na walikuwa wachache sana, nusu yao Verna mwenyewe akitazama kama glavu zake bado zipo. Ungeachwa, ungekufa kimya kimya. Au angempelekea yule mama maua na samahani. Lakini Lyle ni wakili, na wakili akiumwa na mbu anamshtaki. Akamfungulia Verna Lampi kesi ya kumchafulia jina. Gazeti likaandika. Ndani ya wiki Duluth nzima imeusoma ule ukurasa, na Verna anapata maombi ya glavu mpaka kutoka Texas, ambako sijui wanazivaa lini.

Maktaba nayo? Lyle hakuifunga mwaka ule. Alimhitaji Marlys awe shahidi. Akamwacha ananing'inia, mwezi kwa mwezi, na Rudy akapangiwa upasuaji Septemba ya mwaka uliofuata.

Kesi ikasikilizwa Juni ya mwaka huohuo. Jaji alikuwa Bi Halvorsen, mwanamke mkavu asiyepoteza neno. Verna hakuwa na wakili, alisema wa mwisho alimtosha. Lyle alisimamiwa na Todd Brekke, mtoto kanyoa kavaa tai mpya.

Jaji akamwambia Todd, "Nieleze jina la Bwana Ostergaard limechafuka wapi. Waliousoma baada ya gazeti siwahesabu, hao aliwaita mwenyewe. Nataka mtu mmoja aliyeusoma kabla, na akaja kumdharau mteja wako kwa sababu hiyo."

Waliousoma kabla ni akina nani? Ni mawakili wetu, siku ile ya mafunzo. Basi mchana ule Lyle aliwakusanya ofisini, nami nikiwa palepale, akawaambia waziwazi: mtapanda kizimbani, mtasema mlipousoma mlinidharau. Wakatazamana. Nilijua papo hapo itakavyokuwa. Watu hawa wamejenga maisha yao juu ya kumsifu Lyle Ostergaard. Kila mmoja akajisemea, huu ni mtego, anataka kujua nani atathubutu.

Wa kwanza akapanda, akaapa, akamwona Lyle anamkodolea macho, akasema, "Heshima yangu kwa Bwana Ostergaard haikutikisika hata kidogo." Wa pili vilevile. Yule mzee wa kukoroma akasema yeye alisinzia, na siku ile ndiyo pekee hakusinzia. Wa nne akawapita wote: "Mimi heshima yangu ilipanda."

Jaji akaweka kalamu chini. "Ilipanda? Baada ya kusoma kwamba alimpotezea mteja nyumba?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Sana."

Nilikuwa nimekaa nyuma, nikauma leso nisicheke. Lyle alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa anashindwa kesi kwa kusifiwa, na hana wa kumlaumu. Jaji akaahirisha mpaka asubuhi.

Jioni ile Lyle akamwita Marlys. Mlango haufungi, nimeshasema. Kwanza kahawa. Kisha, "Rudy hajambo?"

"Anajitahidi."

"Upasuaji ni Septemba, sivyo? Jambo zito hilo. Mtu angependa mambo yasibadilikebadilike kabla ya Septemba." Nikasikia kijiko kinakoroga. "Kesho Todd atakuuliza swali dogo tu. Kama heshima yako kwangu ilishuka. Wewe useme ndiyo. Si ni rahisi?"

Hakumtishia. Huyu hatishii mtu, ana adabu. Ningeweza kumtemea kahawa ile.

Marlys alinikuta kwenye chumba cha chai. Hereni hakuvaa. "Nikisema ndiyo," akaniuliza, "yule mama wa glavu atalipa fidia kwa pesa gani? Hana kitu."

"Atauza sindano zake za kufumia."

"Na nikisema hapana, Rudy..." Hakumaliza.

"Sema ndiyo, mwenzangu," nikamwambia, na nilimaanisha. "Mahakama nzima imejaa uongo leo. Wako hautaonekana."

Asubuhi Rudy alikuja naye. Alipandishwa kwa lifti, akaketi mstari wa nyuma karibu nami, mtu mkubwa aliyepungua ndani ya koti lake, mkono kifuani kama kawaida yake. Marlys akaapishwa. Todd akasimama, anajiamini, maana ameambiwa jibu lipo tayari.

"Bi Kovacich, ulikuwepo siku ya mafunzo?"

"Mafunzo yalikuwa yangu."

"Ukurasa wa Bi Lampi uliusoma?"

"Niliusoma."

"Na baada ya kuusoma, heshima yako kwa Bwana Ostergaard ilishuka?"

Marlys akanyamaza. Nimeshasema mwanamke huyu hajui kunyamaza, lakini alinyamaza mpaka watu wakaanza kujikunakuna kwenye viti. Akamtazama Rudy kule nyuma. Akamtazama Verna, aliyekaa peke yake na mfuko wake wa sufu mapajani. Nikamwomba Mungu mdomo wake ufunguke kwa ndiyo.

"Hapana," akasema.

Todd akapepesa macho. Hata mimi karani najua, wakili akijibiwa asilolitaka huwa anakaa chini. Mtoto huyu hakukaa. "Hapana? Haikushuka? Kwa nini haikushuka?"

"Nimefanya naye kazi miaka mingi, Todd," akasema Marlys. "Haikuwa na pa kushukia."

Yule mpiga chapa wa mahakama mikono ikamganda hewani. Jaji Halvorsen akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu ameinamisha uso, mabega yanamtikisika. Alipoivaa tena akasema kesi imetupwa, na Bwana Ostergaard atalipa gharama za Bi Lampi, nauli ya basi ikiwemo.

Nje kwenye korido Lyle alimfuata Marlys moja kwa moja. Akampa mkono. Alitabasamu! "Asante kwa kuja, Marlys. Jumatatu ukipata nafasi, funguo za maktaba mwachie Ardis. Na msalimie Rudy." Na Rudy huyo hapo, amekaa kwenye benchi mbele yake. Akaenda kusimama kwenye lifti na kubonyeza kitufe, na lifti ya jengo lile inavyokuja kwa kujivuta sote tunaijua.

Nikadhani sasa angalau mmoja wao atakuja kumwambia pole. Wakaja kweli, kundi zima, Todd mbele. Ameshika mkoba kifuani.

"Marlys, samahani, najua si wakati mzuri," akasema. "Ile saa ya mafunzo. Ulizima projekta kabla hatujamaliza. Itahesabiwa saa nzima? Maana mwisho wa Juni ndio huu." Na wengine nyuma yake wamenyoosha shingo wasikie jibu. Niliwasonya mpaka askari wa mahakama akageuka.

Marlys hata hakukasirika. "Itahesabiwa, Todd. Ndiyo saa pekee mliyokuwa macho."

"Asante," akasema Todd, tena kwa dhati, na wote wakapumua.

Walipoondoka akaketi kando ya Rudy. "Nimetupotezea bima, Rudy."

"Nimesikia. Si nilikuwa ndani?"

"Septemba tutafanyaje?"

Mkono wa Rudy bado uko kifuani. Alimtazama mkewe, uso ule wa mtu wa gatini umejaa mikunjo, na nikaona mikunjo inaanza kucheza. "Septemba iko mbali," akasema. "Hebu nirudie ile. Taratibu. Ile ya heshima."

Marlys akaanza kuirudia. Hakuifikisha mwisho, machozi yalimkatiza katikati, na Rudy ndiye aliyeimalizia, kwa sauti ya kupita gati zima, Lyle Ostergaard akiwa bado anasubiri lifti.